Tulivyomaliza Mipapai Dume Kitanga

Ukiniletea mche wa mpapai wenye urefu wa kiganja ukaniuliza kama ni dume au jike, nitakujibu bila aibu: sijui. Nimekuwa bibi shamba maisha yangu yote ya kazi, na miaka yangu ya mwisho, kuanzia 2012 hadi 2015, niliimalizia Kibondo na Kasulu nikihangaika na swali hilo hilo. Nilistaafu jibu likiwa lile lile. Ila siku hizi nalisema kwa raha.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya ugani, na ninyi wengine wenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ambao mmeamua kupanda mipapai mitano sita. Popote mtakapokwenda mtamkuta mtu mwenye jibu. Mmoja atasema mtazame mbegu, nyeusi tii ni jike, ya kijivu ni dume. Mwingine atasema mbegu zilizokaa karibu na kikonyo cha tunda ni dume, na za chini ni jike. Mwingine atamwaga mbegu kwenye bakuli la maji na kuwaambia zinazozama ndizo zitakazozaa. Nimejaribu zote hizo. Zilizoelea hazikuota kabisa, kwa hiyo mpaka leo sijui zilikuwa nini.

Mimi mwenyewe nilikuwa mwumini wa mizizi. Kwetu Muheza tulikua tukiambiwa ung'oe mche uutazame mzizi. Ukikuta mzizi mmoja umenyooka kama msumari, huyo ni dume. Ukikuta umegawanyika, huyo ni jike. Nilikwenda Kibondo na imani hiyo moyoni kama mtu anavyosafiri na dua yake.

Pale Kibondo nilipewa kusimamia kitalu cha miche. Mtunzaji wake alikuwa Mzee Bukuru, mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu ambayo haikuvuliwa hata jua likiwaka vipi. Alikuwa ameshinda vitaluni tangu ujana wake. Wiki ya pili nikamwambia tutenge miche ya mipapai kwa mizizi ili tuwagawie watu majike tu.

"Nani kakwambia hayo, Bibi Shamba?"

"Yanajulikana, mzee."

"Yanajulikana na nani?"

"Na watu."

"Ego," akasema, ndiyo kwa Kiha. "Basi tutenge."

Baadaye nilijifunza kwamba Mzee Bukuru akikubali upesi namna hiyo, ujue ameamua kukuacha ujionee. Tulitoa miche kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, tukaitazama mizizi, majike kushoto, madume kulia. Majike niliyagawa kwa wafanyakazi wenzangu wageni, walimu wawili na muuguzi mmoja, kila mmoja akanishukuru sana. Madume nilitaka yatupwe kwenye shimo la mboji. Mzee Bukuru akasema ni dhambi kutupa kitu kinachopumua, akaenda kuyapanda nyuma ya kibanda cha zana.

Miezi ikapita. Siku moja muuguzi akanisimamisha sokoni. "Bibi Shamba, yale majike yako yametoa mikia." Nilikwenda kuona. Kweli, nusu ya miti yake ilikuwa imening'iniza vikonyo virefu vya maua, kama mwanamume aliyesahau kuchomekea shati. Kwa walimu nako hali ilikuwa hiyo hiyo.

Mzee Bukuru alizisikia habari. Alingoja. Papai la kwanza nyuma ya kibanda cha zana lilipoiva alilikata, akaliweka kwenye sahani, akaniletea mezani pamoja na kisu.

"Kula dume," akasema.

Nililila. Lilikuwa tamu kupita kiasi.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kunifundisha. Nami nawapa ninyi kama alivyonipa. Kwa macho, kabla mti haujatoa ua, hakuna mtu anayejua. Wenye maabara wanaweza kuliuliza jani, lakini wewe uliye nyumbani na jembe lako huwezi. Kwa hiyo usipande mche mmoja kwenye shimo ukaomba Mungu. Panda mitatu, umeachanisha kiasi cha kiganja. Weka samadi iliyooza vizuri. Kisha subiri. Kwenye baridi yetu ya milimani mpapai hauna haraka kama wa Tanga, unaweza kukaa miezi minane ndipo uonyeshe ua.

Ua likianza, angalia pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Dume hutoa vitumba vingi vidogo, vyembamba, kwenye kijiti kinachojitokeza na baadaye kurefuka na kuning'inia. Jike hutoa kitumba kimoja, pengine viwili au vitatu, kinene chini na chembamba juu, kimekaa kwenye shina kama kimegandishwa kwa gundi. Ukiona bado unasitasita, chuma kitumba kimoja, kipasue kwa wembe. Ukikuta kijipira cha kijani ndani, hilo ndilo papai lenyewe linalosubiri kukua, huo ni mti jike. Ukikuta kijimrija kitupu chenye unga wa njano, ni dume. Kitumba kimoja hakiui mti. Zipo pia mbegu za dukani ambazo hutoa miti yenye jinsia zote mbili kwenye ua moja, na hizo hazina taabu hii, lakini watu wetu wengi hupanda mbegu walizotema wenyewe.

Nilikutana na watu waliokataa kusubiri. Kule Gwarama kulikuwa na baba mmoja aliyeambiwa kwamba mpapai dume ukiupigilia msumari unageuka jike. Akaupigilia. Alipoona kimya akapigilia wa pili, mpaka mitano. Nilipomtembelea nikamkuta ametundika kwenye misumari ile kofia, koti la mvua na kikapu cha mayai.

"Umegeuka?" nikamuuliza.

"Umegeuka kabati," akajibu, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini niliyotaka kuwaambia hasa yalitokea Kitanga, upande wa Kasulu, nilikohamishiwa mwaka 2013. Huko nilikuwa nimeshajua kila kitu kuhusu mpapai dume, na kujua kwangu ndiko kulikokaribia kumponza mtu.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama, nyumba kumi na kitu za kitongoji kimoja. Walikuwa na utaratibu wao ambao niliupenda tangu siku ya kwanza. Kazi yoyote ya shamba waliifanya kwa kuzungukia, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote pamoja, na ilikuwa mwiko kuondoka kwenye shamba la mwenzio kazi haijaisha. Mwenyekiti wao, Mama Skola, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Mvua za kupanda zilipoanza mwaka huo tulipanda mipapai nyuma ya kila nyumba, miche mitatu kila shimo.

"Bibi Shamba," Mama Skola akauliza mbele ya wote, "shimo moja wake watatu, hapo hapatakuwa na ugomvi?"

"Patakuwa," nikasema. "Ndiyo maana wawili wataondoka."

Katika kikundi hicho alikuwamo Editha. Mumewe alikuwa amefariki, amemwachia watoto wanne na kiwanja chenye mteremko nyuma ya nyumba. Kiwanja kilikuwa cha ukoo. Mdogo wa marehemu, Zabroni, fundi baiskeli aliyekaa ng'ambo ya bonde, alikuwa na shamba la muhogo lililopakana nacho na alitaka kulisogeza. Hoja yake ilikuwa kwamba shemeji yake ameiacha ardhi ya marehemu ikae bure. Ukoo ukakaa. Editha akasema atapanda mipapai na kikundi. Zabroni akasema, "Majani hayo. Mimi muhogo wangu hata majani yanaliwa." Mzee wa ukoo akaamua hivi: wamwache mpaka mvua za kupanda za mwaka unaofuata. Mvua zikikuta matunda mtini, hata yakiwa mabichi, kiwanja ni cha Editha na wanawe, na mpaka wa minyaa utapandwa siku hiyo hiyo. Zikikuta majani matupu, Zabroni atachomeka muhogo wake.

Editha alinieleza hayo yote siku ya kupanda, akiwa amepiga magoti kwenye shimo, bila kuninung'unikia. "Kwa hiyo Bibi Shamba," akamalizia, "mimi sina nafasi ya kujaribu. Niambie cha kufanya nikifanye."

Nikamwambia. Naye akafanya kila nilichomwambia. Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kiangazi cha 2014 miti ikatoa maua. Nikawakusanya akina mama uani kwa Mama Skola, nikatoa wembe, nikapasua vitumba, kila mmoja akaona kwa macho yake. Niwaambie ukweli, sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Wanawake ambao hawajakanyaga darasa walikuwa wanautazama mti kwa mbali na kusema "dume lile, jike lile," na hawakosei. Nikafurahi. Na katika furaha ile nikatoa maelezo ya mwisho.

"Dume moja linatosha majike kumi," nikasema. "Wadudu wa jioni wanabeba unga wa maua kutoka nyumba hadi nyumba. Si lazima kila mtu awe na dume lake. Mawili matatu kwa kitongoji chote yanatosha."

"Mengine?"

"Ng'oeni. Yanawanyonyea samadi bure."

Zabroni alikuwa amepita pale na baiskeli ya mtu, akasimama kusikiliza. Yeye mwaka uliopita alikuwa ameokota miche miwili iliyobaki kwenye viriba vyetu, akaipanda kwake ng'ambo. Mmoja ulikufa, mmoja ukawa dume.

"Na wako tuje tukung'olee?" Mama Skola akamtania.

"Wangu msiuguse! Leo mnaanza na mipapai, kesho mtatugeukia sisi."

Tukacheka wote, akaondoka akipiga kengele. Mimi nikaenda Kasulu mjini kwenye mafunzo, nikakaa wiki tatu.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Mashimo yote yalikuwa na mti mmoja mmoja, jike tupu, shina safi, magugu hakuna. Nilizunguka nyumba zote nikiwapigia makofi. Ndiyo, niliwapigia makofi. Macho yangu yalikuwa yanatafuta dume lililosahaulika ili nimsahihishe mtu, na nilipolikosa nilijivuna.

Kama wiki tatu baadaye nikiwa ofisini, Editha akaja na kitu amekifunga kwenye jani la mgomba. Akakifungua mezani. Vilikuwa vipapai vidogo kama kidole gumba, vya njano, vimenyauka.

"Vinaanguka," akasema. "Kila asubuhi naokota."

"Maji," nikasema mara moja. "Ni kiangazi. Mwagilia."

Akamwagilia. Alikuwa anapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani asubuhi na jioni, watoto nao na vidumu vyao, na maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa pengine. Baada ya wiki mbili akarudi na jani jingine la mgomba. Safari hii alilifungua tu. Nikachukua kipapai kimoja nikakipasua. Ndani mlikuwa na vijipunje vyeupe, vyepesi, visivyo na uhai, kama mapepe ya mpunga. Nikaelewa: hakuna unga wa dume uliovifikia.

"Editha, dume liliachwa kwa nani?"

"Kwa Mama Skola."

Tukaenda kwa Mama Skola. Alikuwa anapura maharage.

"Mwenyekiti, umeacha dume?"

"Mimi? Dume si liko kwa Editha. Nilijua yeye ataacha, ana kiwanja kikubwa."

"Mimi nilijua wewe utaacha, wewe ni mwenyekiti," Editha akasema.

Tukaenda nyumba ya tatu. Wao walijua limeachwa nyumba ya nne. Nyumba ya nne walijua limeachwa kwa Mama Skola. Kila tulipoingia mwenye nyumba alijiunga nasi, mpaka tukawa msafara, tunatembea kitongoji kizima kumtafuta mwanamume, kama alivyosema Mama Skola mwenyewe. Nyumba ya mwisho mama wa pale akatusikiliza akishika kiuno.

"Sisi tulifanyiwa kazi siku ya mwisho," akasema. "Tukajua wenzetu wote wameshaacha. Ya nini nilishe dume mimi peke yangu?"

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa amefanya nilichosema: si lazima kila mtu awe na lake. Nilichosahau ni kutaja jina. Nilipaswa kusema, wewe fulani na wewe fulani mtaacha, hapa na hapa, na kulifunga dume hilo kamba wote wakiona. Vijana, andikeni hilo mahali. Mkisema "mmoja wenu afanye", mjue mmeshapanga asifanye yeyote.

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikawaambia akina mama kwamba kosa ni langu. Wengi wao wangepoteza matunda ya msimu mmoja, ni hasara lakini mtu anaishi. Macho yao yote yalikuwa kwa Editha.

"Limebaki dume moja," Editha akasema polepole. "Kwa shemeji."

Kwa Zabroni ni mbali mno kwa mdudu kubeba unga. Lakini mtu anaweza kubeba. Kazi hiyo Mzee Bukuru alinifundisha kitaluni: unachuma maua dume ya asubuhi, unakwenda kuyagusisha kwenye ua jike lililofunguka, kwa mkono. Na niseme ukweli wangu wote, nilikuwa na mpango wa aibu. Zabroni siku za gulio alishinda na spana zake sokoni. Uzio wake ulikuwa wa kurukwa na mbuzi. Nikamvuta Editha pembeni.

"Maua yanaanguka yenyewe chini," nikamnong'oneza. "Tukipita tukayaokota nani atajua?"

Alinitazama kama ninavyowatazama wanangu wakisema uongo. "Bibi Shamba, kiwanja cha baba wa watoto wangu nikikipata kwa kuiba maua, watoto nitawaambia nini? Nitamwomba."

"Akikataa?"

"Atakuwa amekataa mbele yangu."

Tukaenda jioni ile ile, mimi nikichechemea kwa goti langu bovu. Waha wakisalimiana hawana papara. Walipigiana makofi, wakainama, "mwakeye, mwakeye," watoto wakauliziwa, mbuzi wakauliziwa. Kisha Editha akasema yote bila kuzunguka: tumekata madume yote, matunda yanaanguka, dume lililobaki ni la kwako, naomba maua.

Zabroni alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Mti niliotukanwa nao! Ulioitwa mnyonyaji wa samadi!"

"Huo huo, shemeji."

"Bibi Shamba, rudia nikusikie. Unautaka mti wangu?"

"Nautaka," nikasema. "Nilikosea."

Akacheka tena, halafu kicheko kikakatika. Nilimwona anavyoelewa. Akaangalia ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko, ambako muhogo wake ulionekana kama mraba wa kijani na kiwanja cha Editha kando yake.

"Nikikupa maua utapata matunda," akasema.

"Ndiyo."

"Ukipata matunda mimi sipati kiwanja."

"Ndiyo, shemeji."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa narudi nyumbani. Mvua zikinyesha utapanda muhogo wako. Sitakusema kwa mtu."

Zabroni akaokota mnyororo wa baiskeli uliokuwa miguuni pake, akaupangusa kwa tambara, akaurudisha chini, akauokota tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ugali unaungua ndani, wala hakugeuka.

"Yanatakiwa mangapi?" akauliza hatimaye.

"Machache kila asubuhi," nikasema. "Hayo unayoyafagia."

"Ng'ambo huko nani atayapeleka? Wewe na goti lako hilo?"

"Tutapanga."

"Mtapanga!" Akasonya. "Nyie kupanga kwenu ndiko kulikowafikisha hapa. Nitaleta mwenyewe kwa baiskeli. Nataka niuone huo uchawi kwa macho yangu."

Kesho yake kabla umande haujakauka alikuwa amefika, maua yako kwenye bakuli la chakula, yamefunikwa jani bichi la mgomba yasinyauke. Nikamwonyesha. Unachukua ua dume, unavua petali zake mpaka unabaki na unga wa njano. Unatafuta ua jike lililofunguka siku hiyo au jana, ndani utakiona kichwa chake chenye vidole vilivyokunjamana. Unapangusa taratibu, ua moja dume kwa ua moja jike, kama unampaka mtoto dawa ya macho. Kisha unafunga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili kesho usirudie. Usifanye jua likishapanda, na usifanye kukinyesha.

Mimi mikono yangu ilikuwa inatetemeka kidogo, uzee ulishaanza kunipigia hodi. Zabroni, na vidole vyake vyeusi kwa grisi, alizoea kushika vijipira vya chuma vya magurudumu bila kukidondosha hata kimoja. Baada ya ua la tatu aliniondoa pale kwa upole.

"Kaa, Bibi Shamba. Sasa mimi nimekuwa nyuki."

"Nyuki mwenye ndevu," Editha akasema, akiwa ameshika bakuli.

Alikuja kila asubuhi. Mwanzoni kwa Editha tu, halafu maua yakizidi akapita kwa Mama Skola na nyumba nyingine, na kila nyumba alipewa uji na matani. Mimi nilikuwa nakwenda siku ninazoweza. Wiki ya pili tukaona vipapai vyenye uzi vimeshika, vya kijani kabisa, na visivyo na uzi vinaendelea kuanguka. Editha alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, akaenda kuchota maji. Siku moja nilimkuta Zabroni amechuchumaa peke yake chini ya mti, anahesabu kwa midomo. Aliponiona akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Sikumwuliza alikuwa anawaza nini. Ninyi pia mtakutana na mambo kama hayo shambani. Mtu akiwa anapigana na nafsi yake, bibi shamba hana la kufundisha. Kaa kando, ongelea mbolea.

Mvua za kupanda zilichelewa siku chache, nazo zikaja. Ukoo ukakusanyika kwenye kiwanja, wanaume kama wanane na mzee wao, na mimi nikaalikwa nikae kwenye kigoda. Mipapai ilikuwa na matunda, mengine kama ngumi, mengine kama embe dodo, yamebanana shinani. Mzee wa ukoo alizunguka miti yote kwa fimbo yake, akibonyeza hapa na pale, mpaka nikahofia ataangusha. Kisha akamgeukia Zabroni.

"Una neno?"

"Sina."

Binamu mmoja akapasuka kicheko. "Zabroni, kiwanja umejinyang'anya mwenyewe! Tumekuona wewe na bakuli lako kila asubuhi kama unapeleka maziwa kwa mkwe!"

"Cheka tu," Zabroni akasema. "Mwanzo nilikuja nione maua yatashindwa vipi. Halafu lile la kwanza likashika." Akajikuna kidevu. "Sikuweza kuliacha."

Mzee akasema minyaa ipandwe. Vijiti vya minyaa vilikuwa vimekatwa tangu asubuhi, vinatoa maziwa, viko kwenye fungu chini. Zabroni hakungoja kuombwa, alichukua jembe akaanza kuchimba mashimo upande wa muhogo wake, na Editha akawa nyuma yake, anachomeka vijiti na kushindilia udongo kwa kisigino. Wanaume wengine wakahamia kwenye mazungumzo ya mvua. Mimi nilibaki nawatazama wawili wale wanavyoteremka mteremko, shimo baada ya shimo.

Kwenye kona ya chini Editha akasimama. Hakuchomeka kijiti. Akatazama nyuma kwenye mstari, akatazama mbele.

"Shemeji, hapo umeingia kwangu. Hatua moja."

Watu wakageuka. Zabroni akainua kichwa, akaufuata mstari kwa macho mpaka juu, akaufuata tena mpaka chini. Akalifukia shimo kwa mguu, akarudi nyuma hatua moja, akachimba jingine.